Vidonge Alivyoninunulia Mume Wangu

Jumanne, Kawajense. Joto la mwezi wa kumi, mvua bado, na mimi nimejifungia jikoni. Leo sitaki mtu auone uso wangu.

Niandike tu, labda kifua kitapungua uzito.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na mimba ya Elia, nilipimwa nikaambiwa nina homa ya ini aina ya B. Ni kirusi kinachoweza kukaa kwenye ini miaka mingi bila mtu kujijua. Aliyejua ni mume wangu peke yake, Baba Elia, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya kanisani kwetu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Wanawake wengine huachwa kwa jambo kama hilo.

Mwaka jana mwezi wa sita nilitolewa damu tena, sampuli ikapelekwa nje ya mkoa. Kabla majibu hayajarudi nikaenda Majimoto kumsaidia mama kuvuna mpunga. Nilimwambia muuguzi majibu yakifika ampe mume wangu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Niliporudi, Baba Elia akaniambia, "Ini liko vizuri. Damu tu imepungua kidogo." Akaninunulia vidonge vyekundu vya kuongeza damu, na tangu hapo kila jioni ananiletea kimoja na kikombe cha maji. Wenzangu ninaoshona nao pale Kashaulili nilikuwa nawaambia, nyie bado hamjapata mume.

Miezi ya karibuni nimekuwa mtu wa kuchoka. Kiu haikatiki, chooni naenda kila saa, uzi naona kama umefunikwa na ukungu. Nilipomweleza, akasema tuongeze, viwe viwili kwa siku.

Leo asubuhi kizunguzungu kilinishika nikiwa kwenye cherehani. Yeye alikuwa shuleni, nikaenda hospitali peke yangu. Wakapima sukari. Iko juu sana, nina kisukari. Daktari akaniuliza natumia dawa gani, nikamtajia vile vidonge. Akafungua faili langu, akasoma, akarudia kusoma.

"Mama, mwaka jana hukuambiwa usitumie vidonge vya kuongeza damu?"

Nikamwambia niliambiwa nitumie.

Akanigeuzia karatasi. Damu yangu haikuwa imepungua hata kidogo. Madini ya chuma ndiyo yalikuwa yamezidi mwilini, na sukari ilikuwa imeanza kupanda. Chini imeandikwa kwa kalamu kwamba nisipewe vidonge vya chuma, ndivyo hivyo vya kuongeza damu, na nirudi kliniki kila mwezi. Halafu kuna maneno kuwa mume ameelezwa na ameelewa, na sahihi yake. Mwandiko mzuri wa mwalimu.

Daktari alinifafanulia taratibu. Baadhi ya wenye kirusi hiki cha ini, chuma huwajaa mwilini, na chuma kikizidi, sukari nayo mara nyingi husumbua. Hawezi kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyonifikisha hapa. Pengine ningefika tu. "Lakini tungekuwa tumeanza mapema," alisema.

Mwaka mzima na zaidi.

Baba Elia alipotoka shule nilimwekea mezani nakala ya karatasi ile niliyopewa hospitali. Aliisoma amesimama, begi bado liko begani.

"Kila mwezi kliniki, Mama Elia? Pale wanakwaya wetu wawili wanafanya kazi. Na kanisani walikuwa wameshanipendekeza uzee wa kanisa. Wangeuliza unaumwa nini."

"Na vidonge?"

"Nilishakwambia damu imepungua. Nisingekununulia ungeshangaa."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, ili baadaye nisijidanganye kwamba alisema vizuri zaidi.

Sikulia. Nilikuwa nakumbuka sura yake akinisogezea kikombe, jinsi alivyosubiri mpaka nimeze. Niliuona ule kuwa ndio upendo. Mpaka sasa sijui niuiteje.

Ndipo nikakumbuka kitu kingine. Nilipogundulika, tuliambiwa na yeye apime. Alikwenda siku moja, akarudi akasema yuko salama. Karatasi yake sikuwahi kuiona.

Nikamuuliza, "Na wewe, ulipima kweli?"

Alikaa kwenye kiti akaanza kufungua kamba za viatu. Alichukua muda mrefu kwenye kamba zile.

"Niliogopa," akasema.

Faili langu lilikuwa na namba ya simu ya mume wangu. Leo kabla ya kutoka hospitali nimeomba waifute, waandike yangu. Kesho saa moja natakiwa kliniki bila kula kitu. Nimemwambia akitaka tuongozane aje kutoa damu yake, majibu yangu nitayapokea mwenyewe.

Amechukua kitabu cha nyimbo, ameenda mazoezi ya kwaya.

Mimi kesho nitakwenda.