Riziki, dakika za ile karte niliziharibu mimi

Riziki, mdogo wangu wa tumbo moja,

Hupokei tena simu yangu, na sikulaumu. Naandika hii waziwazi ili waisome pia wale waliosikia jina lako likitukanwa hapa kwenye machimbo ya dhahabu ya Omate.

Unakumbuka chumba chako cha nyuma ya lile duka la Walikale, ordinatere, kompyuta yako, juu ya mifuko ya chumvi? Nilikuwa nafika na tope hadi masikioni, unanisogezea ugali, kisha unaanza kunieleza kazi yako kana kwamba nimemaliza shule. Mimi wa darasa la sita! Ulisema ndani ya karte, kile kibao cha kuendesha pampu ya kutoa maji kwenye shimo letu, umeandika kiini kinachoamua kazi ipi ifanyike na ipi ingoje. Nikauliza kama kinajua pampu.

“Hapana, kaka. Hakijui pampu, hakijui maji, hata karte yenyewe hakijui. Kinauliza tu.”

“Kinauliza nani?”

“Zile fonksyon ndogo za chini. Zenyewe njo zinajua chuma.”

Ukanitajia hivyo vipande vya programu moja moja kwa mambo ya nyumbani Masisi, mpaka nikaelewa. Kuna ile ya kuacha kazi katikati na kuirudia: kama tulivyokuwa tukilima viazi, Mama anaita, tunachomeka jembe palepale tulipofika. Kuna ya kufunga mlango ili wito usiingie, kwa maana mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto haitwi. Ukasisitiza kwamba lazima mlango ufunguliwe tena, maana ukisahau, mashine inakuwa kiziwi. Kuna ya kuwasha na kuzima waya wa pampu, na ya kulala kama hakuna kazi. Hiyo ya kulala niliipenda, ukanicheka. Na kuna ya kuhesabu muda. Karte ikiungua, ulisema, tunabadilisha hizo tu, kiini kinabaki vilevile.

Lakini hapa mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Wanasema dhahabu inakimbia. Kwa hiyo ulitengeneza kitu cha mahali usipoweza kupaona, na macho yako yalikuwa mimi.

Mvua zilipozidi, karte ya kwanza iliungua. Tukapata nyingine huku machimboni, ya aina tofauti. Nikapanda kilima kutafuta rezo ya simu, nikakusomea maandishi ya karte. Ukauliza namba iliyochapwa kwenye kale kakopo kadogo ka chuma, ile inayosema moyo wa karte unapiga kwa kasi gani.

“Soma muzuri, kaka. Dakika zote zinatoka pale.”

“Ni ileile ya zamani,” nikasema.

Sikuwa nimeisoma, Riziki. Ilikuwa imefunikwa na tope. Nilikuwa nimechimba tangu asubuhi, mgongo unawaka, nilitaka uninyamazie nikalale. Ukanitumia programu kwenye simu, nikaiingiza kwenye karte kwa waya kama ulivyonifundisha.

Pampu ilipaswa kupumzika dakika kumi. Ikapumzika ishirini. Maji yakawafikia watu wawili kifuani, tukawavuta kwa kamba, wazima, wanatapika tope. Papa Mateso, mwenye shimo, akauliza nani alitengeneza mashine ile. Mtu akajibu: “Dada yake na Bahati!” Basi wakaanza.

“Mwanamuke anashika kitu ya shimo, mulikuwa munangojea nini?”

“Arudi kupika sombe, mashini atuachie!”

Wakati wanacheka, nilifuta kale kakopo kwa kidole gumba. Nane. Ya zamani ilikuwa kumi na sita: moyo huu ulipiga nusu ya kasi, kila dakika ikawa mbili.

Kesho yake ulikuja kwa miguu, wakakuzuia kwenye nyumba za kwanza. Hukubishana nao. Ulinitazama mimi tu: “Kaka, ile namba uliisoma?”

“Niliisoma,” nikasema, mbele ya wote.

Ukarudi Masisi, na nimesikia ordinatere umeifunga ndani ya kitenge, unalima na Mama. Mama ananiambia kwa simu unasema labda walikuwa na haki, labda kazi hii haikuwa yako. Hilo ndilo limenikosesha amani. Uchovu wangu umekufanya ujione hujui unachojua.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, watu wa shimo wakiwa bado wamesimama nje, niliwaambia yote. Kakopo, tope, uongo. Mmoja wa wale wawili tuliowavuta kwa kamba, Papa Safari, alikaa chini.

“Kumbe ni weye, Bahati. Na ulikula na mimi kila siku.”

“Ni mimi, Papa.”

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Papa Mateso amenitoa kwenye timu ya chini, sasa natoa maji kwa ndoo, maana karte imezimwa. Juzi akaja taratibu, akaniomba nikuandikie urudi urekebishe, hata ukitaka kufika mpaka mdomo wa shimo ufike.

Nimekupa ujumbe wake, lakini mimi sikuombi. Kiini chako hakikukosea hata mstari mmoja, na hapa kila mtu anajua sasa. Ukitaka kuwasaidia, njoo. Usipotaka, lima viazi vyako, fungua ordinatere kwa ajili ya watu wengine, ao kwa ajili yako mwenyewe. Maji ya huku yatatoka tu. Tuko na ndoo, na mikono yangu bado ni mizima.

Kaka yako,
aliyekunyamazia ulipotukanwa