Maelezo Kuhusu Bi Mkimya, Sanamu ya Dukani Kwetu, na Kifua Chake Kilichokatwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Mikasi, ndilo ninaloitikia mtaani
Umri: miaka hamsini na miwili
Kazi: fundi cherehani, nguo za kike
Makazi: chumba cha nyuma ya duka langu la ushonaji
Uhusiano na mlalamikaji: mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kweli tupu, na afande akinikatiza tena nitaanza upya.

Kwanza niseme lile ambalo mdogo wangu pale nje kwenye benchi anasubiri kulisikia. Mkewe ni mzima. Hajatekwa, hajauawa, hajatoroka na mwanamume. Yuko hospitali, wodi ya wanawake. Leo asubuhi amefanyiwa upasuaji wa kunyanyua matiti, na daktari amesema umekwenda vizuri. Afande ameniomba nitafute neno la heshima zaidi. Titi si tusi, afande. Andika titi.

Huyo wifi yangu nafanya naye kazi dukani. Aliolewa kwetu akiwa hajui hata kutia uzi kwenye sindano, na leo akikata gauni mimi nanyamaza. Nampenda kuliko ninavyompenda huyo aliyemleta, na hilo liandikwe pia. Amezaa watoto watatu, wawili wa mwisho ni pacha, akawanyonyesha wote mpaka wakawa wanakuja kudai ziwa kwa maneno. Baadaye akapungua mwili sana, matiti yakashuka, yakabaki ngozi. Wengine hatujali. Yangu yameshafika kiunoni na tunaelewana vizuri. Yeye alijali. Akawa anabadilisha nguo gizani, akawa analala na blauzi. Mdogo wangu akaja kuniuliza, "Dada, mke wangu amenichoka?" Nikamwambia akamuulize mwenyewe.

Kosa la mdogo wangu ni upole. Wifi akianza kulisema, yeye anamkatiza, "Wewe mzuri bwana, huna kasoro," halafu anaomba chai. Wifi aliniambia tukiwa tunapiga pasi, "Wifi, nikimwambia naumia, ananisifu. Nimesifiwa mpaka nimechoka kusema."

Mnamo tarehe 3 mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nilimsindikiza kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Kabla ya kumpima alimuuliza, "Nani anayetaka jambo hili, wewe au mwenzako?" Wifi akajibu, "Mimi. Yeye hata hajui." Daktari akamwuliza kama bado anataka kuzaa, maana mimba ingeweza kuyashusha tena, na baada ya upasuaji huenda asiweze kunyonyesha. Wifi akasema kiwanda kimefungwa. Daktari akacheka, halafu akamwandikia vipimo na picha ya matiti, ahakikishe kwanza hakuna uvimbe.

Alitueleza kwamba kunyanyua hakuongezi ukubwa. Ngozi iliyozidi inatolewa, nyama inapandishwa, chuchu inarudishwa juu. Anayetaka na ukubwa anaweza kuwekewa mifuko ya silikoni. Wifi akaruka, "Sitaki ya dukani, nataka yangu yapande!" Kuhusu mikato, yakiwa yameshuka kidogo tu, mkato unazunguka chuchu basi. Yakishuka zaidi, unazunguka kisha unateremka chini. Yakiwa kama ya wifi, unaongezwa mwingine chini ya titi, unafuata pale linapokutana na kifua, na mshono wote unakuwa na umbo la nanga. Kovu litafifia lakini halitafutika. Chuchu inaweza kufa ganzi kwa muda, au moja kwa moja. Na miaka itayashusha tena polepole. Daktari akamwambia, "Sikurudishii usichana." Wifi akasema hajaufuata.

Sasa tufike kwa Bi Mkimya. Hiyo ni sanamu yetu ya kuvalishia nguo, tunaiita hivyo kwa kuwa ndiye pekee dukani asiyesengenya. Juzi, tarehe 14, baada ya kufunga duka, wifi akashikwa na woga. Alitaka ule mkato mdogo wa kuzunguka chuchu. Ile nanga ilimtisha. Maneno hayakumwingia, na sisi ni mafundi, kitu tunakielewa kikiwa mkononi. Nikajaza vipande vya vitambaa kwenye soksi ndefu mbili, nikamtundikia Bi Mkimya kifuani, nikamvika blauzi kuukuu ya wifi. Nikachora kwa chaki nyekundu, nikakata blauzi na soksi pamoja, nikabana kwa pini. Kwa mkato mdogo kitambaa kilijikunja pembeni kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Kwa nanga kilikaa sawa. Najua nguo haitoki damu, afande, na mimi si daktari. Lakini wifi aliangalia, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, nami nikalia naye. Akasema, "Sasa naona." Tukafunga mlango, nikaenda kulala kwake, Bi Mkimya akabaki vile vile, kifua wazi, chaki nyekundu mpaka tumboni.

Jana tarehe 15 wifi alilazwa. Watoto wako kwa bibi yao. Mdogo wangu ni fundi bomba, alikuwa kwenye kazi ya mbali, tulimtarajia wiki ijayo. Wifi alimwandikia kwenye simu, "Nazima simu kidogo. Usijali. Nitakueleza tukionana." Ujumbe kama huo ukimwandikia mtu wa kawaida, anasubiri. Huyu akiona mjusi anaita majirani. Akapanda gari la kwanza, leo asubuhi akakuta nyumba tupu, akafungua duka kwa ufunguo wa akiba, akaiona blauzi ya mkewe imepasuliwa kifuani. Simu yangu nayo ilikuwa imezimwa, niko mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nasikia alikuja hapa kituoni anakimbia, kambeba Bi Mkimya begani, mkasi wangu mkononi kama ushahidi, mtaa mzima unamtazama.

Saa saba mchana niliwasha simu nikakuta mmenipigia. Wifi alikuwa ameshazinduka kwenye nusu kaputi. Nilikuwa nimemwapia sitasema, kwa hiyo nikamuuliza. Akanijibu kwa sauti ya usingizi, "Mwambie yote. Namtaka hapa. Ila kama anakuja kuniambia nilikuwa sina kasoro, abaki huko mpaka nipone." Kadi ya kuingilia wodini ni moja, ninayo mkobani. Nimekuja nayo bila kujua kama nitampa.

Kwa ombi langu afande amemwita mdogo wangu ndani. Nimemwonyesha kila mkato kwenye kielelezo, yaani Bi Mkimya, na kumweleza kama nilivyoeleza hapa. Alipoona nanga alifumbua mdomo, "Lakini mbona mke wangu ni mz..." Nikamtazama. Akalimeza. Akaweka mkono kwenye kile kipande cha blauzi, akauliza, "Ameumia hivi tangu lini?"

"Tangu pacha waache ziwa."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaomba chai."

Hakukasirika. Machozi yalimtoka mbele ya afande, na mimi roho iliniuma kwa sababu ni mtu mwema, na tangu utotoni sijawahi kumwona analia bila kelele. Akauliza kama mkewe ataweza kujivalisha. Nikamwambia hapana. Kwa muda hatanyanyua mikono juu ya mabega, hatabeba watoto, atalala chali, na sidiria ya kubana atavaa usiku na mchana. Nikamtolea ile ya akiba niliyotumwa kununua.

Hayo ndiyo niliyoyasikia, niliyoyaona na niliyoyakata kwa mkasi wangu mwenyewe, ambao naomba nirudishiwe, nina gauni la bi harusi linanisubiri.

Sahihi ya shahidi: Mama Mikasi

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mkasi umerudishwa. Sanamu imechelewa kurudishwa kwa kuwa mlalamikaji aliomba aitumie kujifunza kufunga vishikizo vya sidiria bila kugusa mshono. Shahidi aliporidhika alimkabidhi kadi ya wodi.

Kabla ya kuondoka, mlalamikaji alimpigia mkewe, ambaye sasa amewasha simu, kutoka kaunta. Alimuuliza, "Unaumia wapi?" Baada ya hapo alisikiliza tu, kwa muda mrefu. Chai aliyopewa na kituo imepoa bila kuguswa.