Molekuli Yangu na Dripu za Shangazi

Jumapili, 6 Julai 2025. Njombe

Baridi ya kukata masikio. Leo wakati wa matangazo mchungaji kaniita mbele ya usharika, eti nieleze ninachosomea chuo kikuu. Nikaazima uzi wa sweta kwa Lidia wa kwaya, nikaukunja. DNA yetu ni uzi mrefu, nikasema, ila kuna sehemu hujikunja kwa namna ya pekee, na kwenye saratani mikunjo hiyo ina kazi yake. Mimi nachora kwenye kompyuta molekuli itakayonata kwenye mkunjo tu, iuache uzi ulionyooka. Makofi! Mchungaji akaniwekea mikono, akaiombea "dawa ya binti yetu Elina." Nilipaswa kumsahihisha palepale. Sikumsahihisha. Nilijisikia raha, basi.

Jumatano, 16 Julai

Majibu ya maabara kutoka Dar. Dokta Filemoni, msimamizi wangu, hakuzunguka: molekuli namba kumi na saba inanata kwenye mkunjo, sawa — na kwenye uzi ulionyooka vilevile. Inanata popote! Mwaka mzima na nusu, nimetengeneza gundi. Anasema nifupishe mikono ya pembeni ya molekuli, nianze upya. Na hata ingefaulu, ni miaka kumi kabla haijamgusa mgonjwa. Kanisani hakuna aliyeuliza hilo.

Ijumaa, 18 Julai

Shangazi Dorosela kafika kutoka Lupingu, kando ya ziwa, na begi la kukaa. Ana saratani ya titi, alianza dripu za dawa hospitalini Mbeya mwezi wa tano. Habari za kanisani zimeshuka mpaka ziwani, naye karuka dripu ya wiki iliyopita ili aje kwangu. Dripu zinamtapisha, nywele zimekwisha. Dawa yangu, kaambiwa, inachagua saratani tu. Nimemweleza mara tatu kwamba hakuna dawa. Anaitikia, anaendelea kumenya viazi.

Namchukia mchungaji. Hapana — najichukia mimi.

Jumatatu, 21 Julai. Makambako

Nampeleka mwenyewe Mbeya, akaendelee na dripu. Stendi, basi la Mbeya linaunguruma. Shangazi aliweka mguu kwenye ngazi, akaushusha. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ingekuwa mama yako," akasema, "ungekuwa umeshampa."

Kondakta anapiga ubavu wa basi, watu wanatusukuma. Nikamwambia, "Shangazi, ipo kwenye dripu. Wameshaichanganya."

Uongo mtupu. Akapanda.

Sasa tumesimama kwenye mizani ya magari, foleni ya malori. Anacheka na jirani yake wa kiti, mara ya kwanza tangu afike. Kampigia Aloyce, mwanawe, simu, kamwambia asihofu tena. Kisha kaniona naandika. Anaitaka kalamu hii aitunze kwenye pochi isipotee: tukifika niandike jina langu kwenye chupa ya dripu yenye dawa yangu, manesi wasije wakamtundikia ya mtu mwingine. Nimemwambia asubiri nimalize. Mkono kaunyoosha, anasubiri.