Laptop Bubu na Msiba wa Jirani

Alhamisi jioni, Pasiansi

Tangu saa tisa mchana laptop ya ofisi niliyokuja nayo nyumbani ilikuwa bubu. Nimebonyeza kitufe cha kuongeza sauti mpaka mwisho, nimeizima, nimeiwasha. Kimya! Kesho wageni wanakuja kusikiliza matangazo niliyorekodi, na meneja ameshasema kuna watu watapunguzwa kazi.

Nikamlalamikia mama. Akajibu bila kuacha kuchambua dagaa: "Mimi ndiye niliyepunguza. Hapo ubavuni kuna kigurudumu kama cha redio. Unapigaje muziki na jirani ana msiba?"

Nikakizungusha bila kufikiri, rekodi ikiwa bado inacheza bila sauti. Tangazo la sabuni likalipuka nyumba nzima, ngoma na vicheko, kwa sauti ile ile niliyoipandisha mwenyewe mpaka mwisho.

Nyuma ya ukuta, kwa Mama Neema aliyefiwa na mumewe jana, wimbo wa maombolezo ukakatika katikati.

Nimezima. Hawajaimba tena.

Mama amejifunga kanga, amekwenda kuniombea radhi. Laptop imepona, wala siitazami. Nimekaa hapa nasikiliza ukuta.