Mkate wa Povu la Pombe ya Ndizi

Jumamosi, Kirushya. Kiangazi kimekolea: asubuhi baridi, mchana vumbi. Nina furaha mpaka naona aibu kuiandika.

Leo Yohana amekula.

Tangu mume wangu arudi kutoka vitani, chakula anakidokoa tu kama mgeni mwenye haya. Ndizi na maharage anaacha, ugali anaacha. Anakaa nyuma ya nyumba akitazama barabara. Mama mkwe anaomba, mimi napika, na sote wawili tumeshindwa. Nilianza kuogopa kwamba wamenirudishia koti lake la jeshi tu, mwenyewe amebaki Uganda.

Juzi akasema, bila kuulizwa, kwamba siku moja kule walipewa mkate wa moto. Mimi nikalidaka neno hilo hilo.

Ngano ninayo. Nilipanda kidogo kwenye shamba letu la zamani mlimani, tulikoishi kabla ya kuhamia hapa kijijini; watu walinicheka, wakisema ngano ni ya Wazungu. Leo alfajiri nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Ngano si mtama, ni ngumu na inateleza. Nikasaga mpaka mabega yakawaka. Sikuchekecha, pumba zote zikaingia. Unga mbichi wa ngano unanukia vizuri, sikujua.

Shida ikawa hamira. Duka la ushirika lina chumvi na viberiti tu, malori yote yalikwenda vitani. Jirani yangu Mama Konsolata, aliyetoka Burundi, akaniambia kwao hutumia povu la pombe ya ndizi. Yeye anapika pombe. Sisi je? Mama mkwe ni mlokole. Kwake hata mtungi uliowahi kuwekwa pombe hauingii ndani.

Nikachukua povu, nikakandia unga sufuriani. Nimeolewa na Yohana, sikuolewa na mtungi.

Unga ukaumuka vizuri, ukasukuma jani la mgomba nililoufunikia. Na harufu nayo ikatoka. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mwanangu, nilipookoka niliahidi pombe haitapita mlango huu."

"Haikupita mlangoni, mama. Mama Konsolata alinipa dirishani."

Hakucheka. Akanyoosha mkono kuchukua sufuria, nami nikajua anakwenda kumwaga. Machozi yakanitoka, nasema kweli. Nikamwambia ni kwa ajili ya Yohana, kwamba moto utaimaliza pombe yote, na kama ni dhambi basi iwe yangu peke yangu.

Wakati huo huo Yohana akaingia kutoka nyuma ya nyumba. Akasimama kati yetu, akanusa.

"Mnapika nini?"

Hajauliza hivyo tangu arudi.

Mama mkwe akamtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akaiweka sufuria mafigani kwa mkono wake mwenyewe, akapanga makaa juu ya mfuniko, akaniambia nisiufunue mkate mapema, utanywea.

Mkate ulitoka mweusi kidogo chini, mzito, umepasuka juu. Yohana alikula kipande, akala cha pili, akakwangua hata ulioshika sufuria. Mama mkwe aliombea kipande chake kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu akakimaliza chote.

Kisha Yohana akauliza kama ngano imebaki. Nikamwonyesha kikapu. Akavua koti, akapiga magoti kwenye jiwe, akaanza kusaga. Mwanaume! Huku kwetu mwanaume hagusi jiwe la kusagia, ni aibu ya ukoo mzima. Nikamtazama mama mkwe nikingoja maneno.

Akainuka, akafunga mlango wa mbele na wa nyuma, watu wasione. Akakaa chini karibu na mwanawe akawa anamwongezea ngano.

Naandika haya jiwe bado linalia, na Yohana anaimba. Anakosea maneno. Sitamsahihisha.