Dawa Yenye Haichome Tena

Butembo, 12/3/2001

Mudogo wangu Gamaliel,

Nilikukosea, na Kaswera, bibi yangu wa ndoa, nilimukosea zaidi. Huku batoto bote bazima, mahindi iko inakomaa.

Kila mwezi ulikuwa unatuma matone ya dawa toka Beni juu ya ugonjwa wa retine yake, ile nyuma ya jicho. Chupa ikifika, anaikumbatia: "Gamaliel njo ananifikiriaka!" Mimi mwenye namushikaka kichwa na kumutonyeshea, hapana hata aksanti. Wivu ikanikamata. Nikamwanga dawa chini, nikatia mu chupa maji ya kuchemusha yenye ilipoa.

Sasa akakusifu mara mbili: "Dawa ya Gamaliel haichome tena! Ule anajua kuchagua!" Nikaendelea kutia maji miezi mbili, na macho yake ikazidi giza.

Jana mangaribi niliingia nyumba. Akageuka, akacheka: "Karibu, Gamaliel! Basoda balikuachilia njia?"

Nikasongeza taa kwa uso yangu; akaendelea kuniita Gamaliel.

Jumamosi, siku ya posho, tarehe 17, nitamushika mukono mpaka kwako Beni, hata kama basoda, bale askari ba vita, bamefunga njia. Mbele yako nitamuambia ni mukono gani ulimwanga dawa. Tayarisha chupa mupya, lakini umutonyeshee weye.

Yaya, mukubwa wako,
Mbusa