Kata Huo Mpira, Arcade

Ilembo, Mpanda

Mjukuu wangu Arcade, mume wangu wa Tabora,

Pokea salamu zangu nyingi. Unaendeleaje? Unakula? Sisi huku wazima, mihogo imekauka vizuri, na baba yako Libérat bado anakoroma kama mashine ya kusaga. Anayeniandikia ni Skolastika wa kwaya. Nimemkataza kurembaremba, aandike ninavyosema.

Rafiki yako Innocent alipita hapa Jumapili. Kasema bado unanyanyua kile chuma chenye makopo ya saruji, na juzi kimekuponyoka kikakosa mguu wako kidogo tu, maana vidole havisikii. Nikamuuliza kama bado unafunga ule mpira wa baiskeli. Akasema unaukaza kila asubuhi, kwa sababu bibi kasema.

Ni kweli nilisema. Ulipokuja Pasaka ukilalamika ganzi, nilikata mpira nikakufunga kifundo cha mkono, kama tunavyojifunga sisi wakati wa kulima. Nikakwambia ganzi ni uvivu, kaza unyanyue. Basi nilikosea. Jumatatu nimeenda kituo cha afya. Daktari, kasichana kadogo kenye adabu, kaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye kifundo, mahali pembamba. Vyuma vikipavimbisha, halafu ukafunga na mpira, ni sawa na kumkaba mtu ambaye tayari anatafuta pumzi.

Utajiuliza daktari alijuaje na wewe hukuwepo. Hapo ndipo pagumu. Alipima mikono yangu. Mwaka wa tatu huu inakufa ganzi, nami najifunga mpira na kunyamaza, nikiogopa baba yako ataninyang'anya jembe. Yale maharage yaliyomwagika Pasaka si paka, ni mimi. Paka nilimpiga bure. Na wewe nilikuita mvivu huku najua kabisa unachosikia.

Mkono wangu wa kulia nimeuchelewesha. Nyama ya chini ya dole gumba imekwisha. Hata wakipasua, hautarudi wote. Wa kwako bado haujafika huko. Innocent kasema unaogopa watakukataza mashindano ya kunyanyua vyuma. Wakukataze! Hata mwakani yapo. Kata huo mpira, weka chuma chini, nenda hospitali wiki hii. Ukikaidi nitapanda treni nije niukate kwa meno, maana mkasi siwezi kushika.

Wasalimie wote unaokula nao. Mungu akutunze, nakupenda na ukaidi wako. Hapa chini ni dole gumba langu. Skolastika ndiye kalishika akalikandamiza kwenye wino; mimi sikusikia kitu.

Bibi yako,
Capitoline